Meli Inayopita Polepole na Bi Harusi Aliyeogopa Kamera



Sisi ni watatu, ndugu wawili na wifi yetu, na duka letu la kushona liko hapa Maji ya Chai, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Tunashona magauni ya maharusi ya stara, mashela, nyushungi na nguo za wasimamizi. Wengi wenu mmezoea kusoma hapa habari za hina, za liwa na za namna ya kupanga mahari bila ugomvi. Leo tunaleta habari ya filamu za vyombo vya anga. Msicheke kwanza.

Fundi anayeshonea shanga usiku ana filamu zake. Tamthilia ya Kituruki haimfai, maana ukiinama kutafuta tundu la sindano, ukiinua kichwa mtu keshaolewa, keshaachwa na mtoto keshaibiwa. Filamu za ngumi ndiyo kabisa. Inayotufaa ni ile ambayo ukiinama ukapachika shanga saba, ukavuta uzi, ukafunga fundo, ukiinua macho bado meli ile ile inapita. Haijafika popote. Unaiangalia kidogo, unarudi kwenye lesi.

Tuliijua filamu hiyo kwa sababu ya ubishi. Binti wa dada yetu mkubwa anarekodi video za harusi, kumbi za wanawake tu, na kazi anaijua, mashaAllah. Lakini ana mtindo wa siku hizi: harusi nzima inakatwakatwa iwe dakika 4, kila picha nusu sekunde, mkono, hina, kiatu, keki, mkono tena. Sisi tulimwambia, mwanetu, gauni tumelishona wiki sita, wewe umelionyesha kwa muda wa kupiga chafya? Akasema, "Mama mdogo, watu hawana subira, wanapeleka mbele." Ili kutushinda akatuletea kwenye flashi filamu ambayo, alisema, dunia nzima inaicheka kwa kuchosha. Ni Star Trek: The Motion Picture, ya mwaka 1979.

Kuna sehemu yake moja ndiyo iliyotukamata. Nahodha Kirk amekaa duniani muda mrefu, sasa anarudi kwenye meli yake, Enterprise, ambayo imekuwa ikifanyiwa matengenezo huko juu angani, imezungukwa na vyuma kama jahazi lililoegemezwa magogo pwani. Fundi wake mkuu, Scotty, anamchukua kwa kichombo kidogo. Mngeweza kudhani wataingia ndani, basi. Wapi! Wanaizunguka. Kwanza unaiona kwa mbali, kupitia kwenye vyuma. Kisha ubavu. Kisha wanapita chini yake. Kisha wanakuja mbele, taa zinawaka. Na kila mara kamera inarudi kwenye uso wa Kirk, macho yamejaa. Hawazungumzi, ni muziki tu wa Jerry Goldsmith. Inachukua kama dakika 5 au zaidi, na hakuna hata jambo moja linalotokea.

Binti yetu akasema, "Mmeona? Hata Wamarekani walichoka."

Wifi yetu hakuinua kichwa. Alisema tu, "Huyu anamwangalia bi harusi."

Na ndivyo ilivyo. Ninyi wa pwani mnaijua picha hiyo kuliko sisi. Siku ya kupamba, bi harusi anakaa juu, macho chini, hacheki wala hasemi, na wanawake wanaingia wanamwangalia. Wanaanzia kichwani wanashuka hadi miguuni, hina inakaguliwa, dhahabu inahesabiwa, kitambaa kinashikwa kwa vidole viwili. Hakuna anayesema mbona hakuna kinachotokea. Au twende Nungwi, jahazi limemalizwa mchangani, nahodha analizunguka, anapapasa mbao, anarudi nyuma hatua tatu kulitazama tena. Lugha yetu yenyewe jahazi inaliita chombo, na meli ya anga inaiita chombo.

Basi tukaanza kutafuta habari za wanaozitengeneza picha hizi. Tulitaka kujua kama fundi wa meli za uongo anafanana na fundi wa lesi. Anafanana. Enterprise ile ni mfano, urefu wake kama mita 2 na nusu hivi, unaweza kuuweka kwenye meza yetu ya kukatia nguo ukazidi kidogo tu. Mchoraji aitwaye Paul Olsen aliupaka kipande kwa kipande rangi zenye mng'ao wa lulu, miezi na miezi, ili mwanga ukipita kila kipande kijibu tofauti. Sisi tunaopachika lulu za plastiki kwa kuzigeuza huku na kule chini ya taa tulisikia hilo mpaka kwenye mifupa.

Aliyesimamia picha hizo, Douglas Trumbull, alikuwa amefanya kazi pia kwenye filamu ya Stanley Kubrick ya 1968, 2001: A Space Odyssey. Kule ndiko upole huu ulikokomaa: kituo cha anga kinazunguka kama gurudumu, chombo kinakikaribia taratibu, na muziki wa dansi wa Johann Strauss unapigwa kama vile wote wako ukumbini. Ili mfano uonekane mkubwa na kila kitu kiwe wazi, kila picha ilikuwa ikipigwa kwa sekunde 4 hivi huku mfano ukisogea pole kiasi kwamba ukisimama pale huoni mwendo. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde moja. Pigeni hesabu: sekunde moja unayoiona wewe ilikula zaidi ya dakika moja na nusu ya kamera, tena hapo hakuna kosa. Hakukuwa na kompyuta ya kuichora meli. Ni mbao, plastiki, rangi, taa na mtu anayesubiri.

Lakini tusiwadanganye kwamba kila kirefu ni cha mapenzi. Hapa ufundi wetu ulitufungua macho. Ile Star Trek ilikuwa imeahidiwa kwa majumba ya sinema tarehe 7 Desemba 1979, na tarehe haikusogea. Kampuni ya kwanza iliyopewa kazi ya efekti, yaani ule ufundi wa kufanya visivyokuwepo vionekane vipo, iliondolewa, Trumbull akapewa kazi mwaka huo huo 1979, na picha zikawa zinafika mwishoni kabisa. Mwongozaji, Robert Wise, hakupata muda wa kuionyesha kwa watu wachache kwanza ili aone wapi pa kupunguza. Alikwenda nayo kwenye uzinduzi Washington ikiwa mbichi hivyo hivyo. Mwaka 2001, miaka zaidi ya 20 baadaye, ndipo akatoa toleo alilolikata na kulipanga upya.

Dada yeyote aliyepeleka nguo kwa fundi anaijua hali hiyo. Na sisi tunakiri. Mwaka wetu wa pili wa biashara tulimpa bi harusi mmoja gauni saa 4 asubuhi ya siku yake, mkia haujapunguzwa. Akajikwaa nao mara mbili. Wageni walisema, aah, mkia mrefu, fahari! Sisi wenyewe tulijua ni mrefu kwa sababu usiku ulikwisha kabla ya mkasi. Tulimrudishia nusu ya fedha na bado tukikutana sokoni tunaona haya. Kwa hiyo tunapoona meli inapita mpaka inapitiliza, tunajiuliza: huu ni urefu wa fahari, au ni wa mkasi uliochelewa? Kubrick yeye mkasi aliupata. Baada ya maonyesho ya kwanza alikata kama dakika 19, na iliyobaki bado ni ndefu, ila sasa ni ndefu kwa kutaka.

Safari ile ya kuizunguka Enterprise, hata katika toleo jipya la Wise, bado imo. Na tunadhani tumejua sababu yake. Tamthilia ya televisheni ya Star Trek ilikatizwa 1969. Watu walikaa miaka 10 bila hadithi mpya ya meli hiyo isiyo ya katuni, na hata enzi zile waliiona kwenye televisheni ndogo, inapita mara moja na kutoweka. Mtu aliyemkosa mtu wake miaka 10 humwambii apeleke mbele.

(Hapa wa Unguja mturuhusu kidogo. Chombo cha anga cha kweli nanyi mlikipokea. Mradi wa Mercury wa Wamarekani ulikuwa na kituo Tunguu, na tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, watu wa kituo cha Zanzibar walizungumza naye akipita. Mzunguko mmoja ulikuwa kama dakika 89, na kwenu alikuwa na dakika chache tu kabla ya kuishia upeo. Kituo kilifungwa Aprili 1964, baada ya Mapinduzi. Chombo cha kweli hakikai kikaangaliwa. Waliokuwa pale walikijua kwa sauti tu, na mkono wa mashine unaochora mistari.)

Sasa bi harusi wetu. Habari yake tunaiandika kwa idhini yake, jina tunaliacha.

Ni binti wa hapa hapa, jirani yetu. Ameposwa na kijana wa Unguja waliyejuana kupitia familia. Alikuja dukani kupima gauni usiku mmoja baada ya Isha, akatukuta tunashona na Enterprise inapita, maana kwa wakati huo tulikuwa tunaiangalia kwa mara ya tatu. Akaketi kwenye kigoda, akaangalia mpaka Kirk akaingia ndani. Kisha akasema taratibu, "Mimi siku hiyo naomba nisiangaliwe hivyo."

Tukamwuliza kwa nini, huku tukijua. Wasiofika huku wajue kwamba Maji ya Chai ni jina la mto, kwa rangi yake. Ila tatizo la maji yetu haliko kwenye rangi. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu vyanzo vingi vimepita hapo kwa mbali. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yanaumbika, meno hutoka na madoa ya kahawia, na mswaki hauyatoi. Aliyehamia akiwa mtu mzima meno yake yanabaki vilevile. Jirani yetu, Ngurdoto, kuna kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi, wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na wanaotumia vichujio hivyo watoto wao wanatoka salama. Yeye alizaliwa kabla kichujio hakijafika kwao. Na sisi pia. Ndiyo maana kwenye picha zetu zote tatu tumefunga midomo kama tumeshikwa na hakimu.

"Mume si amekuona?" wifi akauliza. Alimwona, ndiyo. Alikuja na shangazi yake, akaketi mbele ya baba, kama Mtume wetu (s.a.w.) alivyoruhusu mwenye kuposa amtazame anayemposa. Binti alicheka kidogo nyuma ya kiganja, kijana akaona, akauliza kama ni maji, akajibiwa ni maji, yakaisha. Lakini mume ni mmoja. Ukumbi wa wakwe ni wanawake mia mbili, na kamera.

Akatuomba tumshonee ushungi wa lesi unaoshuka hadi kidevuni, ausilie nao. Na akamwomba binti yetu wa video amwahidi kutosogeza kamera usoni. Binti akaahidi, haraka tu, kwa sababu mtindo wake wa nusu sekunde haukai usoni mwa mtu hata hivyo.

Ushungi ule tuliushona siku 11. Tulipachika shanga ndogo sana ukingoni ili uzito wake uushushe usipeperuke. Na siku zote 11 tulikuwa na vyombo vya anga ukutani. Tulipomaliza Star Trek tukaenda kwa Kubrick. Adhana ikisikika tunasimamisha, meli inabaki imeganda katikati ya giza, tukirudi tunaiachilia. Binti yetu naye akaanza kukaa. Mwanzo alikaa kwa kejeli, baadaye akawa anatuuliza kamera inaanzia wapi, inapanda vipi, mbona haitikisiki. Huyu ndiye yule ambaye hata rakaa zake tulikuwa tunazisema, maana Mtume alikataza kudonoa kama kunguru katika swala, na yeye alikuwa hodari wa kudonoa. (Ameacha, alhamdulillah. Hatudai kwamba ni kwa sababu ya filamu.)

Mama wa bi harusi hakuweza kusafiri, miguu inamsumbua sana. Tuliondoka bila yeye, basi la alfajiri hadi Dar es Salaam, kesho yake boti. Njia nzima binti alipakata ule mfuko wa ushungi kama mtoto mchanga.

Siku ya kupamba Unguja ilikuwa nzuri, wenyeji walitupokea kwa heshima ambayo hatutaisahau. Bi harusi alikaa juu ya jukwaa, ushungi umeshuka, macho chini, mdomo umefungwa. Na tuliona kitu ambacho usiku ule dukani hatukukiwaza: mila ilikuwa upande wake. Bi harusi wa pwani hatakiwi kucheka. Wanawake walimsifu, "mwari ametulia, ana haya," na yeye alikuwa anaficha meno tu. Tulikonyezana.

Binti yetu alikuwa chini na kamera. Hakukatakata. Alianzia kwenye pindo la mkia, sakafuni kabisa, akapanda polepole na mstari wa shanga, goti, mikono yenye hina, kifua, ukingo wa ushungi. Sisi tulijua ameitoa wapi. Alikusudia kuishia kwenye kidevu, ahadi ni ahadi.

Wakati anafika hapo, bibi mmoja mzee sana wa upande wa bwana harusi alisaidiwa kupanda jukwaani kutuza. Akaufunua ushungi kwa mkono wake mwenyewe bila kumwomba mtu, akainama, akasema neno sikioni. Neno gani mpaka leo hatulijui, binti hasemi. Alicheka. Alicheka kwa mdomo wote, kichwa kimeenda nyuma, meno yote nje, kahawia kama yetu, na bibi naye anacheka, yeye hana meno hata moja. Kamera ilikuwa palepale. Ilikaa sekunde 47.

Usiku kulikuwa na mabishano chumbani kwetu. Binti wa video alitaka kuifuta kabla hata haijaonwa, akisema aliahidi na ahadi ni deni. Wifi akasema si yake kuifuta, si yetu pia, ni amana ya mwenye uso. Tukaafikiana hivyo. Baada ya siku tano bi harusi alipokuja kutuaga, akapewa simu peke yake pembeni. Aliiangalia mara tatu. Hakulia wala hakufurahi, alikuwa kama anamtambua mtu. Kisha akasema, "Kwenye ya wakwe, toa. Kwenye ya mama, acha yote. Usikate chochote."

Kwa hiyo zipo video mbili. Ya Unguja ni dakika 4, safi, mikono na hina na keki, na ameonwa na watu wengi, wamesifu. Ya mama ni saa moja na dakika 40.

Tulimpelekea wenyewe, kwenye laptopu, jioni moja, tukakaa naye chini kwenye mkeka. Aliangalia watu wakiingia ukumbini mmoja mmoja, akawa anauliza huyu nani, huyu nani, hata wale ambao sisi hatuwajui. Kamera ilipoanza pale sakafuni kwenye pindo na kupanda, alinyamaza. Ikapanda na shanga zetu. Sisi tulikuwa tunaangalia mishono, tuseme ukweli, na pale kwenye goti kuna moja ilikwenda upande. Yeye hakuwa anaangalia mishono. Mwanawe alipocheka, mama aliinua upindo wa khanga akajifunika mdomo, kama anavyofanya siku zote, akaangalia hivyo mpaka sekunde zote 47 zikaisha na bibi yule akashuka jukwaani.

Akatuomba turudishe nyuma. Tukamwuliza hadi kwenye kicheko? Akasema hapana, kule chini, kwenye pindo.